Je, Cheti cha Theolojia Kinamfanya Mtu Awe Mchungaji Bora?



Kuna swali ambalo halikosi kutokea watu wakimaliza mkutano na kubaki wakiongea. Mmoja anasema, "Huyu pasta wetu hata chuo hajaenda, atatufundisha nini?" Mwingine anamjibu, "Na yule mwenye digrii je? Si hata wagonjwa hatembelei!" Basi mabishano yanaanza, kila mtu anatetea wa kwake, na jua linazama bila kupata jibu.

Swali lenyewe si la mchezo. Hapa kwetu Molo, kama vile Elburgon, Kuresoi na Njoro, kiongozi wa dini si mtu wa Jumapili peke yake. Ndiye anayefungua mkutano wa kikundi kwa maombi. Ndiye anayeitwa ndugu wawili wakigombania mpaka wa shamba. Mama akiambiwa hospitali kwamba mtoto anahitaji upasuaji, mara nyingi huenda kumwuliza pasta kwanza. Kwa hivyo akikosea, kosa lake haliishii kanisani. Linafika kwa mwili wa mtu, kwa shamba lake, na kwa watoto wake.

Katika makala hii tutaangalia mambo manne: kile ambacho masomo ya theolojia humpa mtu, kile ambacho hayawezi kumpa, yale yaliyotokea katika nchi zetu, na mambo ambayo kikundi kinaweza kufanya.

SHULE INAMPA MTU NINI?

Tuanze kwa kusema ukweli. Shule ina faida, na wale wanaoidharau hawajafikiria vizuri.

Chukua mfano mmoja. Katika Waraka wa Yakobo, sura ya 5, wagonjwa wanaambiwa wawaite wazee wa kanisa wawaombee na kuwapaka mafuta. Kuna wahubiri ambao wameshika mstari huo na kuwaambia watu waache dawa, hata zile za ukimwi au za kifua kikuu, ati kuzimeza ni kukosa imani. Mtu akiacha dawa za ukimwi, virusi huongezeka tena mwilini na magonjwa mengine hupata nafasi. Huo ndio ukweli wa daktari, na makaburi tumeyaona.

Sasa mtu aliyefundishwa kusoma Biblia kwa utaratibu atafanya nini na mstari huo? Atauliza: mafuta yalitumika kwa kazi gani zama zile? Atakwenda Luka sura ya 10 na kukuta Msamaria mwema akimimina mafuta na divai juu ya vidonda vya yule aliyepigwa na wanyang'anyi. Kumbe mafuta yalikuwa pia dawa! Ataona Paulo akimshauri Timotheo kuhusu tumbo lake. Atakumbuka kwamba Luka mwenyewe anaitwa tabibu katika Wakolosai. Basi atawaambia watu wake waombe na wameze dawa, yote mawili. Hapo masomo yameokoa maisha.

Faida ya pili ni historia. Mtu aliyesoma historia ya kanisa anajua kwamba makosa mengi yanayoitwa ufunuo mpya ni ya zamani sana. Kwa mfano, huko Marekani mkulima mmoja aliyeitwa William Miller alijisomea Biblia mwenyewe, akapiga hesabu, na watu wengi wakaamini kwamba Kristo angerudi tarehe 22 Oktoba 1844. Wengine waliacha mazao shambani bila kuvuna. Siku ilipita. Kiongozi anayejua habari kama hiyo hatakimbilia kuwaambia watu wauze ng'ombe kwa sababu mtu ameota tarehe.

Faida ya tatu ni kujua mahali elimu yako inapoishia. Chuo kizuri humfunza mtu kusema, "Jambo hili ni la daktari," au "Hili ni la wakili, mimi nitakusindikiza tu." Asiyefundishwa mara nyingi huona aibu kusema hajui, basi hujibu kila kitu.

Wazee wetu waliyajua haya. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Wakikuyu wengi walipoachana na makanisa ya wamisheni na kuanzisha makanisa na shule zao, hawakusema kwamba masomo hayana maana. Walitafuta mwalimu. Mwaka 1935 walimleta Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa Kanisa la Orthodoksi la Kiafrika kutoka Afrika Kusini. Akafungua seminari pale Gituamba, Murang'a, na kufikia mwaka 1937 alikuwa amewafundisha na kuwabariki makasisi wa kwanza. Watu hao walikuwa maskini, na walikuwa wamekosana na wamisheni na serikali, lakini bado walichanga pesa ili viongozi wao wafundishwe.

SHULE HAIWEZI KUMPA NINI?

Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alikuwa mmoja wa wasomi wakubwa wa theolojia Afrika. Alipata udaktari Cambridge mwaka 1963, akafundisha Makerere, na kabla ya kufa mwaka 2019 alikuwa ametafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba. Mtu kama huyo hawezi kusemwa kwamba anaonea wasomi wivu.

Katika miaka ya 1970, Mbiti huyohuyo alisimulia hadithi ya kijana Mwafrika aliyekwenda ng'ambo kusoma theolojia. Kijana akajifunza Kijerumani, Kigiriki, Kiebrania na lugha nyingine, akaandika kitabu juu ya mwanatheolojia wa zamani asiyejulikana, akapewa udaktari. Akarudi nyumbani na mizigo ya vitabu. Kijiji kizima kikamwandalia karamu. Katikati ya karamu dada yake akaanguka, akashikwa na pepo, na watu wote wakamgeukia yeye: wewe ndiye umesoma, msaidie dada yako! Kijana akaangalia huku na huku. Katika vitabu vyote alivyobeba hakuwa na jibu, kwa sababu walimu wake walimfundisha kwamba mambo kama hayo hayako.

Mbiti hakuwa anasema watu wasisome. Alikuwa anasema kwamba mtu anaweza kujibu vizuri sana maswali ambayo watu wake hawajauliza, na kukosa jibu kwa yale wanayouliza kila siku. Chuo kinaweza kumfundisha mtu Kigiriki na kisimfundishe kukaa na mjane usiku wa matanga.

Kitu cha pili ambacho shule haitoi ni ujasiri wa kusema kweli kwa watu wa nyumbani mwako. Hapa Molo hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Vita vya kikabila vilitupiga mwaka 1992, na vilirudi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na wengi walikimbilia viwanja vya makanisa.

Katika miaka ya 1990 Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeongoza Jimbo Katoliki la Nakuru toka 1971 hadi 1996, alisema waziwazi juu ya vita hivyo na kulaumu serikali ya wakati huo, hata wakubwa walipomkasirikia. Yeye alikuwa amesoma, seminarini na hata Marekani. Elimu ilimsaidia kupanga maneno yake. Lakini mwaka 2007 pia viongozi wengi wa makanisa nchini walikuwa wasomi, tena wengine wana digrii mbili na tatu. Hata hivyo, Februari 2008, Baraza la Kitaifa la Makanisa, yaani NCCK, liliomba radhi mbele ya taifa, likikiri kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea upande na kwa hivyo walishindwa kuwaonya watu. Ilikuwa vyema kukiri. Lakini tujifunze: walikuwa na vyeti, na vyeti havikuwazuia kufuata kabila.

KANUNGU NA SHAKAHOLA

Sasa tuje kwa mambo mazito zaidi.

Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa, na watoto wakiwemo. Wengi walikufa kwa njaa. Waendesha mashtaka walisema kwamba wafuasi wa Good News International Church walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mwanzilishi wa kanisa hilo, Paul Mackenzie, alikuwa dereva wa teksi mjini Malindi kabla ya kuanza kanisa mwaka 2003. Alipofikishwa mahakamani mapema mwaka 2024 kwa ajili ya vifo hivyo, alikana mashtaka.

Baada ya Shakahola watu wengi walisema, "Mnaona? Hiyo ndiyo hatari ya wahubiri ambao hawajaenda shule!" Ni rahisi kusema hivyo. Lakini vuka mpaka uende Uganda.

Tarehe 17 Machi 2000, mahali panapoitwa Kanungu, mamia ya wafuasi wa kundi lililojiita Vuguvugu la Kurudisha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lililofungwa madirisha na milango. Baadaye miili mingine mingi ilipatikana imezikwa katika nyumba za viongozi. Kiongozi aliyejulikana sana ni Joseph Kibwetere, pamoja na Credonia Mwerinde, mwanamke aliyedai kuona maono ya Bikira Maria. Lakini karibu nao alikuwako mtu mwingine: Dominic Kataribabo, padri. Huyu alipitia seminari, akaenda Marekani kusoma zaidi, akarudi na shahada ya uzamili. Kama ni vyeti, alikuwa navyo. Na watu wengi waliamini kundi lile kwa sababu padri msomi yumo ndani.

Basi tuna misitu miwili ya huzuni. Katika mmoja kiongozi alitoka kwenye teksi, katika mwingine alikuwako msomi wa Marekani. Matokeo yalikuwa yaleyale. Kwa hivyo tuulize: ni kitu gani kilichofanana pande zote mbili?

Kwanza, watu walitengwa na jamaa, shule na hospitali. Mackenzie alikamatwa hata mapema, mwaka 2017, akidaiwa kwamba mafundisho yake yanawatoa watoto shuleni. Pili, watu waliuza mali. Kule Kanungu waliuza vitu vyao na kukabidhi kundi pesa. Tatu, na hili ndilo kubwa, hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumwuliza kiongozi swali. Wafuasi wa Kanungu walikatazwa hata kuongea, wakawa wanawasiliana kwa ishara za mikono. Sasa mtu asiyeruhusiwa kufungua mdomo atauliza swali kwa njia gani? Na yule padri alikuwa tayari amesimamishwa kazi na askofu wake. Yaani digrii ilibaki naye, lakini mtu wa kumwuliza maswali hakuwa naye tena.

Hapo ndipo jibu la swali letu linapoanza kuonekana.

WALIOONGOZA BILA CHUO

Angalia upande mwingine, ule wa wale ambao hawakwenda chuo na wakazaa matunda mema.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ule wa wandugu wanaoimba Tukutendereza, ulianza kuwaka Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930 na ukafika Kenya mwaka 1937. Mmoja wa waanzilishi wake, Simeoni Nsibambi wa Uganda, hakuwa kasisi. Alikuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya afya. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa uamsho, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa kutoka chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono. Nagenda hakupata ukasisi, lakini alihubiri nchi nyingi na watu wakamsikiliza.

Wengine wakisikia habari hii husema, "Basi! Chuo hakina haja, Roho anatosha." Hawajaiangalia vizuri. Wandugu wa uamsho walikuwa na kitu kikali kuliko mtihani wa chuo. Walikutana kila wiki, wakakaa pamoja, wakatembea nuruni. Mtu alisema makosa yake mbele ya wenzake. Kama amechelewesha deni, anaulizwa. Kama amemkosea mkewe, anaulizwa, awe mhubiri mkubwa au mdogo. Hawakuwa na vyeti lakini hakuna aliyekuwa juu ya maswali. Wakati wa hali ya hatari, toka 1952, wengi wao walikataa kula kiapo na pia wakakataa kubeba bunduki ya serikali, na wengine waliuawa kwa sababu hiyo. Ujasiri huo ulitokana na kuishi na wenzao wazi.

Na wengi wao hawakuchukia masomo. Festo Kivengere alikuwa mwalimu wa shule aliyehubiri kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuwa kasisi. Alikwenda kusoma theolojia akiwa mtu mzima, akapata ukasisi mwaka 1967, na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Watu walikuwa wanamjua kwanza. Shule ilikuja kuongezea juu ya kitu kilichokuwako.

Hata leo, ukienda kwenye vigango vyetu vya mashambani, utakuta padri hawezi kufika kila Jumapili kwa sababu vigango ni vingi na barabara ni tope. Anayeongoza ibada ni katekista, mkulima kama wewe. Jumatatu utamkuta akipalilia viazi. Nguvu yake iko wapi? Watu wanamwona. Wanajua kama analipa vibarua wake. Na padri akija, katekista anatoa ripoti.

KUWAJIBIKA NDIYO KITU

Tunaweza kusema hivi. Masomo hufanya kiongozi ajue zaidi. Kuwajibika ndiko humzuia asitumie vibaya kile anachojua. Kuwajibika ni kuwa na mtu wa kukuuliza, na wewe kulazimika kumjibu.

Ninyi wa vikundi mnalijua jambo hili kuliko watu wa mjini. Tuseme kikundi chenu kimepata mweka hazina ambaye ni mhasibu kamili, amesomea. Mtafurahi. Lakini je, mtaacha kuangalia kitabu cha pesa? Mtaacha kuomba risiti? Mtamruhusu aweke sahihi benki peke yake? Hapana. Mhasibu mwizi huiba kwa ufundi zaidi. Na kama mweka hazina wenu ni mama ambaye aliachia darasa la nne, lakini kila mwezi anafungua kitabu mbele ya wote, pesa zenu ziko salama zaidi. Bora kuliko wote ni yule aliyesoma na tena anafungua kitabu.

Biblia nayo inakwenda njia hii. Petro na Yohana walijulikana mbele ya baraza kama watu wasio na masomo, lakini Paulo alisoma chini ya Gamalieli. Mungu alitumia pande zote mbili. Halafu kuna Apolo, katika Matendo 18. Alikuwa msemaji hodari, anayajua Maandiko sana. Lakini mafundisho yake yalikuwa na upungufu. Ni nani waliomsahihisha? Prisila na Akila, mke na mume, mafundi wa kushona hema. Walimchukua kando wakamweleza, naye akakubali. Msomi amekubali kufundishwa na mafundi! Na watu wa Beroya, katika Matendo 17, wanasifiwa kwa sababu waliposikia mahubiri ya Paulo walikwenda kuchunguza Maandiko kila siku kuona kama ni kweli. Hawakuambiwa kwamba wamemkosea mtumishi heshima.

SERIKALI IMEJARIBU NINI?

Rwanda ilichukua njia ya sheria. Sheria ya mwaka 2018 ilitaka viongozi wanaosimamia makanisa na misikiti wawe na digrii ya masomo ya dini, au digrii nyingine pamoja na cheti cha masomo hayo, nao wakapewa miaka 5 kutimiza. Mwaka 2018, na tena mwaka 2024, maelfu ya mahali pa ibada yalifungwa, mengine kwa ajili ya majengo mabovu, vyoo na makelele, mengine kwa kukosa vibali au masomo.

Hapa Kenya, mwanzoni mwa mwaka 2016, ofisi ya Mwanasheria Mkuu ilileta kanuni ambazo zingetaka viongozi wa dini wawe na cheti cha theolojia kutoka chuo kinachotambuliwa, pamoja na cheti cha tabia njema cha polisi. Makanisa makubwa na madogo yalipinga, na Waislamu pia, na Januari hiyohiyo Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha kanuni hizo ili watu washauriane kwanza. Baada ya Shakahola serikali iliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa NCCK. Jopo lilikabidhi ripoti yake Julai 2024.

Sheria ina kazi yake. Anayewanyima watoto chakula hawezi kujificha nyuma ya Biblia. Lakini sheria ya vyeti peke yake ina matatizo mawili. La kwanza, ingewanyamazisha wengi kama yule katekista wa kigango, na isingemzuia mtu kama yule padri wa Kanungu. La pili, mahali cheti kinapotakiwa, wauza vyeti hutokea. Tayari kuna wanaojiita Daktari na Askofu kwa karatasi walizonunua. Chuo kikuu cha kweli Kenya hutambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na mtu yeyote anaweza kuuliza huko.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

1. Msaidieni kiongozi wenu asome. Kama mwinjilisti wenu ana moyo lakini hana masomo, msimcheke. Si lazima aache shamba na familia. Kuna masomo ya theolojia kwa enezi, yanayojulikana kama TEE. Njia hii ilianzishwa Guatemala mwaka 1963, wakati seminari moja ya huko ilipoona kwamba wachungaji wa vijijini hawawezi kuhama kwenda mjini. Mwanafunzi husoma kitabu nyumbani siku za wiki, halafu hukutana na mwalimu na wenzake karibu na kwao kujadiliana. Makanisa kadhaa ya Kenya, Waanglikana wakiwemo, wameitumia kwa miaka mingi. Harambee ndogo ya vitabu inaweza kufaa kuliko harambee ya kiti kipya cha pasta.

2. Kama amesoma, mfundisheni ninyi. Pasta mpya akitoka chuoni, mpelekeni shambani, matangani, hospitalini na kwa wazee. Mwambieni maswali mnayouliza usiku. Asipouliza habari zenu, mtamlaumu bure akihubiri ya ng'ambo.

3. Kabla ya kumpokea mhubiri mgeni, ulizeni: Ametoka wapi, na kule anasemwaje? Amesomea wapi, na chuo hicho kiko kweli? Akikosea, ni nani anayeweza kumwita na kumrudi? Kama jibu la hilo la mwisho ni "Mungu peke yake," ngojeni kwanza.

4. Pesa za kanisa ziandikwe na kusomwa mbele ya watu, kama za kikundi. Sahihi za benki ziwe za watu watatu.

5. Jueni dalili za hatari. Kiongozi akisema acheni dawa, toeni watoto shuleni, uzeni shamba mnipe, msiongee na jamaa zenu, au swali ni dhambi, msingojee kuangalia cheti chake. Ongeeni na wazee, na kama maisha ya mtu yako hatarini, nendeni kwa chifu au polisi siku hiyohiyo.

6. Someni ninyi wenyewe. Kikundi kinachosoma Maandiko pamoja, hata saa moja kwa wiki, ni vigumu kudanganywa. Msomi hatawatisha, na asiyesoma hatawapotosha.

Kwa kumaliza, tusimdharau aliyesoma wala tusimwabudu. Tusimdharau asiyesoma wala tusimwachie njia yote. Tukipata kiongozi anayejua Maandiko, anayejua watu wake, na anayekubali kuulizwa, tumshukuru Mungu. Na kama moja kati ya hayo matatu lazima lisubiri kwa muda, lisiwe lile la kukubali kuulizwa. Masomo yanaweza kuja baadaye. Kufahamiana na watu kunaweza kuja baadaye. Lakini asiyeulizwa leo, kesho huwa hawezi kuulizwa tena.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

(a) Katika kanisa au msikiti wenu, ni nani anayeweza kumwuliza kiongozi swali bila kuogopa? Akina mama wanaweza? Vijana je?

(b) Mara ya mwisho mlisomewa hesabu za sadaka lini?

(c) Tajeni kiongozi mmoja wa dini ambaye hakusoma sana lakini aliwasaidia. Alikuwa na nini? Tajeni pia aliyesoma na akawasaidia. Walifanana kwa jambo gani?

(d) Someni Matendo 18, mistari 24 hadi 28. Kama ninyi mngekuwa Prisila na Akila, mngemwambia nini mhubiri wenu, na mngemwambia mahali gani?

(e) Kuna mtu kati yenu anayefaa kuanza masomo ya TEE mwaka huu? Anahitaji nini, na kikundi kinaweza kuchanga nini?